UZI: Herufi ndogo chini ya jina la wimbo, nani alitunga na nani alikula

#1 SindanoYaSanturi

Wadau, wengi wetu tunaujua wimbo kwa sauti na sura ya mwimbaji. Aliyeshika santuri mkononi anajua kuna kitu kingine: kwenye lebo ya katikati, chini ya jina la wimbo, kuna herufi ndogo ndani ya mabano. Pale huandikwa mtunzi, na pesa hufuata jina lililo pale. Ukitaka kujua wimbo umepitia mikono gani, anza na mabano hayo.

Nafungua na wimbo wa Mbube. Solomon Linda, Mzulu wa Msinga huko Natal, alikuwa mfanyakazi wa kufungasha santuri kwenye kampuni ya Gallo, Johannesburg. Mwaka 1939 aliingia studio ya kampuni hiyohiyo na kundi lake, Evening Birds. Mpangilio wao ulikuwa wa namna yake: sauti tatu za besi zinashika neno moja na kulirudia, sauti za kati zinajaza, na Linda mwenyewe anaruka juu kwa sauti nyembamba ya kichwani. Maneno ni machache mno, maana wimbo unabebwa na zile besi.

Walirudia mara tatu. Enzi hizo sauti ilichongwa moja kwa moja, hakuna tepu ya kukata na kuunganisha, kwa hiyo ukikosea unaanza upya, na upande mmoja wa santuri ya 78 (inayozunguka mara 78 kwa dakika) hauchukui zaidi ya dakika tatu hivi. Ile mara ya tatu, wimbo ukikaribia kwisha, Linda aliacha kupaza sauti tu akateremsha melodia fupi iliyomjia palepale. Ni sekunde chache. Miaka 22 baadaye Wamarekani waliibebesha melodia hiyo maneno ya simba aliyelala msituni, na ndiyo dunia nzima inayoimba mpaka leo.

Alilipwa shilingi 10, na haki za wimbo zikabaki kwa kampuni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 santuri hiyo ilikuwa imeuza nakala kama 100,000 barani Afrika. Linda alifariki 1962 akiwa na chini ya dola 25 benki. Chini ya mwaka mmoja kabla yake, Desemba 1961, The Tokens walikuwa namba 1 Marekani kwa wimbo wa The Lion Sleeps Tonight.

Aliye na wimbo wenye safari ya namna hii aulete, ila aje na mwaka na majina.

#2 BintiMvita

Ahsante kwa kufungua huu uzi. Nyongeza kwenye Mbube, maana kati ya 1939 na 1961 kuna hatua imerukwa, na ndiyo iliyoharibu mambo.

Mtafiti Alan Lomax alimpa Pete Seeger rundo la santuri kutoka Afrika, Mbube ikiwemo. Seeger aliandika kwa kusikiliza tu. Besi zinaimba "uyimbube", yaani "wewe ni simba". Yeye alisikia "wimoweh". Kundi lake la The Weavers lilirekodi mwaka 1951 kwa jina hilo, neno lisilo na maana katika lugha yoyote.

Sasa turudi kwenye mabano yako. Mtunzi aliyeandikwa pale ni Paul Campbell. Mtu huyo hajawahi kuwepo. Lilikuwa jina la kubuni ambalo The Weavers na wachapishaji wao walilitumia kwa nyimbo walizozihesabu kuwa za asili, zisizo na mwenyewe, ili mrabaha (malipo ya matumizi ya wimbo) wa "mpangaji", yaani aliyeupanga wimbo upya, uwe na pa kuingilia. Seeger alipojua kwamba Mbube ina mtunzi aliye hai alimpelekea Linda dola 1,000 na kuagiza wachapishaji wampe fungu lake. Agizo la mdomo haliishindi karatasi, na karatasi haikuwa na jina la Linda.

#3 Mwanahaki

Dada @BintiMvita umeweka vizuri. Niseme jinsi kesi ilivyopatikana, kwa sababu watu hudhani ukishauza haki zako umekwisha.

Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika pia kwenye himaya yake, ilikuwa na kifungu kisichojulikana sana: hata kama mtunzi aliziuza haki zake akiwa hai, miaka 25 baada ya kifo chake haki hizo zinarudi kwa warithi. Hesabu ni rahisi. Linda alikufa 1962, ongeza 25, unapata 1987. Filamu ya The Lion King ilitoka 1994. Maana yake wimbo ulipotumika humo, haki katika nchi zilizokuwa chini ya sheria ile zilikuwa tayari zimerudi kwa mabinti wa Linda, wala wao hawakujua.

Makala ya mwandishi Rian Malan mwaka 2000 ndiyo iliyoamsha jambo. Wakili Owen Dean akafungua shauri 2004 Afrika Kusini dhidi ya Disney, na Februari 2006 wakapatana nje ya mahakama. Warithi wakalipwa kwa matumizi ya nyuma, wakawekewa fungu la mbele, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza.

Angalizo: kifungu kile hakiwezi kuchukuliwa kikatumika kwa kila wimbo wa zamani. Kinategemea tarehe mkataba uliposainiwa na sheria iliyokuwa ikifanya kazi mahali pale siku hiyo. Kabla ya kwenda kwa wakili tafuta kwanza mkataba. Usipokuwepo, tafuta lebo na risiti ya malipo.

#4 KijanaWaBeat

Wakuu, Malaika je? Nyumbani tunagombana: wa Kenya au wa Tanzania?

#5 SindanoYaSanturi

Tutenganishe vitu viwili, kurekodi na kutunga.

Kurekodi hakuna ubishi mkubwa. Fadhili William Mdawida, mzaliwa wa upande wa Taita-Taveta, aliurekodi na kundi lake la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha akaurudia Equator Sound, Nairobi, studio ya Charles Worrod. Mabano yana jina la Fadhili, na ndiye aliyepata mrabaha.

Kutunga ndiko kwenye mgogoro. Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa 1916, alidai aliutunga katikati ya miaka ya 1940 akiwa Nairobi, kwa msichana ambaye wazazi hawakukubali amwoe. Fadhili naye alisimama na lake mpaka alipofariki 2001. Hakuna mahakama iliyokata shauri kati yao. Kwa hiyo anayeandika "mtunzi ni fulani, nukta" anajibu swali ambalo halijajibiwa.

#6 MzeeWaRidhimu

Niongeze kuhusu maneno yenyewe, maana ndiko wimbo unakoishi. Nje ya Afrika Mashariki wengi huusikia kama wimbo wa kubembeleza mtoto. Mstari unaokamata roho ni ule wa kijana kushindwa kwa kuwa "mali sina". Mali hapo ni mahari, na wimbo mzima ni wa mtu anayependa na hana cha kupeleka ukweni. Ukiondoa mahari unabaki na melodia nzuri isiyo na kidonda.

Miriam Makeba ndiye aliyeutoa duniani. Aliuimba pamoja na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, iliyopata tuzo ya Grammy. Boney M wakaurudia 1981, Angélique Kidjo 1991. Wote hao si waswahili, na ukisikiliza kwa makini utaona silabi zimesogezwa hapa na pale ili zikae kwenye mdundo. Anayetaka kuujifunza aanze na sauti ya Fadhili. Utaona "we" ya mwisho wa mstari inavyovutwa. Lile ni neno la kumwita mtu, si la kujazia nafasi.

#7 KijanaWaBeat

Shikamoo mzee. Hiyo ya mahari sikuwahi kuiwaza. Equator Sound walitoa nini kingine kilichovuka bahari?

#8 MzeeWaRidhimu

Marahaba mwanangu. Watu wachache wanakijua hiki: Daudi Kabaka, yule wa African Twist, alitunga Helule Helule. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza la The Tremeloes liliurekodi na ukafika namba 14 Uingereza. Ukiipata santuri yao ya 45, tazama mabano: jina la Kabaka limo. Kijana wa Uingereza aliyeununua mwaka ule alikuwa akiimba wimbo wa Nairobi.

Huo ni upande wa pili wa habari ya Linda. Wimbo ulisafiri na jina la mwenyewe likasafiri nao.

#9 BintiMvita

Kwa upande wetu wa Pwani, Jambo Bwana una asili ya kikazi kabisa. Them Mushrooms walikuwa wakipiga kwenye mahoteli ya watalii Mombasa. Teddy Kalanda Harrison aliona wageni wanavyohangaika kukamata maneno machache ya Kiswahili, akayapanga kama somo: salamu, hali, jibu, karibu, na kile kibwagizo cha kuwatoa hofu. Usikilize upya kama mwalimu wa lugha. Kila mstari ni swali na jibu lake, maneno hayazidi manne matano, na kila kitu kinarudiwa. Ndiyo maana mgeni anaondoka na wimbo kichwani baada ya usiku mmoja.

Ulirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Boney M wakatoa toleo lao 1983, na nakala ya Mushrooms ilifikia kiwango cha platinamu Kenya. Wimbo wa namna hii una tatizo moja la haki: kwa kuwa umejengwa kwa salamu za kila siku, kila bendi ya hoteli huuchukulia kuwa ni mali ya umma, ikabadilisha jina la nchi na kuendelea. Salamu hazina mwenyewe, kweli. Mpangilio wake na melodia vina mwenyewe, na mwenyewe ni Kalanda, aliyefariki 2024.

#10 Katanga_Solo

Salamu toka Lubumbashi. Mmeusahau wimbo uliotungwa hotelini na ukageuka kuwa gazeti.

Januari 1960, wanasiasa wa Kongo wamekaa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara. Joseph Kabasele, Grand Kallé, alipelekwa huko na bendi yake ya African Jazz kuwatumbuiza wajumbe. Kikosi kilikuwa cha mchanganyiko: Docteur Nico kwenye gitaa la solo, kaka yake Dechaud kwenye ridhimu, Roger Izeidi, Petit Pierre kwenye ngoma, na wawili walioazimwa kutoka kwa wapinzani wao OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Mahasimu wa jukwaani Léopoldville (Kinshasa ya sasa) walipanda ndege moja.

Tarehe 27 Januari ikatajwa siku ya uhuru, 30 Juni. Indépendance Cha Cha uliimbwa Hotel Plaza wakati habari bado ni ya moto. Sasa angalieni ufundi wa maneno. Kuna kauli moja ya Kilingala ya furaha, tumeupata uhuru, kisha orodha. Vyama vinatajwa kwa majina, na viongozi pia: Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Bolikango, Tshombe na wenzao. Haukumchagua mmoja. Kila mjumbe alijisikia mle ndani. Waliotajwa pamoja kwenye ubeti mmoja walikuwa maadui kabla mwaka haujaisha, na Lumumba aliuawa Januari 1961, huku kwetu Katanga. Kwa hiyo wimbo unaochezwa kwenye sherehe ni pia picha ya mara ya mwisho wote wakiwa meza moja.

#11 SindanoYaSanturi

Kaka @Katanga_Solo, ukiwa hapahapa Katanga tupe na Masanga, maana gitaa la Kenya lina deni kwenu.

#12 Katanga_Solo

Nakuja. Masanga ni wimbo wa gitaa wa Mwenda Jean Bosco, wa ukoo wa Bayeke, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya sasa. Santuri zikatoka Gallo na kusambaa kote, mpaka Nairobi. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, kwa hiyo Mkenya alimwelewa bila mkalimani.

Ufundi: mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashika nyuzi nene na kutembea bila kusimama. Cha shahada kinapiga melodia kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi katikati ya mapigo ya gumba, wala si juu yake. Wanaojifunza hukosea hapo. Wanatumia vidole vinne kama gitaa la Kihispania, sauti inatoka laini na sawasawa, na ule mvutano kati ya vidole viwili unapotea. Kosa la pili ni kuharakisha. Anza na gumba peke yake mpaka likae lenyewe, ndipo uongeze kidole.

Bosco alikaa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 akifanya matangazo ya dawa ya Aspro. Vijana wa huko walimwona kwa macho. Alifariki 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

#13 MzeeWaRidhimu

Na waliomwona hawakuiga tu. Magharibi mwa Kenya mtindo wa vidole ukawa omutibo, na George Mukabi ndiye jina lake kubwa, mpaka alipouawa 1963. Mdundo wake ulitoka kwenye chupa ya Fanta. Chupa ya kioo ya zamani ilikuwa na mikunjo ya mviringo mwilini. Unaishika kwa mkono mmoja na kuikwaruza kwa kipande cha chuma, juu chini juu chini. Chupa laini haitoi sauti ile. Wanaorudia nyimbo hizi leo kwa mashine ya ngoma huweka kayamba mahali pa chupa, na wimbo unakosa meno.

#14 KijanaWaBeat

Swali la kiufundi. Nikipiga gitaa sambamba na nyimbo za zamani za mtandaoni, hazikai kwenye ufunguo wowote. Ziko katikati. Ni bendi zilikuwa hazijalinganisha, au ni nini?

#15 SindanoYaSanturi

Mara nyingi ni kasi. Kasi ikizidi kwa takriban asilimia 6, wimbo unapanda nusu tone. Ikizidi 12, tone nzima. Mashine ya kuchezea ikiwa na mkanda uliolegea au injini iliyochoka, aliyehamisha wimbo hakuona tofauti, ukapanda mtandaoni hivyohivyo.

Ila usikimbilie kurekebisha kwa gitaa peke yake, kwa sababu bendi nyingi zililinganisha vyombo kwa masikio, si kwa uma wa sauti. Kuna shahidi mwingine: mngurumo wa umeme. Umeme wa Kenya na Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Studio za zamani ziliacha mngurumo huo kwenye rekodi. Fungua wimbo kwenye programu ya kuhariri sauti, tazama mchoro wa masafa sehemu ya chini kabisa, pale gitaa linapopumua. Ukikuta mstari kwenye 53 badala ya 50, wimbo unakwenda kasi kwa asilimia 6. Punguza kwa kubadilisha kasi, siyo kwa kubadilisha sauti peke yake, maana hata urefu wa wimbo umepungua.

Mtego: mngurumo unaweza kuwa wa mashine ya aliyehamisha. Huo utabaki 50 daima na utasikika hata kabla sindano haijagusa wimbo. Chukua ule unaoanza na kuisha pamoja na muziki.

Kwa santuri za 78, kama Mbube na Masanga, kuna kosa jingine, la sindano. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano ya kama milimita 0.076. Sindano ya santuri za 45 ina milimita 0.018 hadi 0.025. Ukiweka hiyo nyembamba inazama mpaka chini kwenye vumbi, unasikia mchanga na muziki unakuwa mbali. Na usioshe santuri ya 78 kwa spiriti, inayeyusha utomvu uliotengenezea sahani. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini kwa kufuata mfereji, na lebo isiloe. Lebo ikiloa umepoteza mabano.

#16 BintiMvita

Hapo kwenye mabano, tusaidie na vifupisho. Wengi wanaviona hawavielewi.

#17 Mwanahaki

Nitajibu mimi.

"Trad." ni wimbo wa asili, hauna mtunzi anayejulikana. "Arr." ni mpangaji. Vikikaa pamoja, mpangaji anakula kwa mpangilio wake. Hapo ndipo wimbo wa mtu aliye hai hugeuzwa wa asili, ikiwa hakuna anayelalamika. Kwenye santuri za Kongo na Ufaransa utakuta "D.R.", haki zimehifadhiwa. Maana yake mtunzi hakutambuliwa siku lebo inachapwa, na chama cha kukusanya mirabaha kinamsubiri ajitokeze. Isichanganywe na "D.P.", ambayo ni mali ya umma. Tofauti ya herufi moja, na pesa zake ni mbali kabisa.

Jina la mwenye studio likiwa pembeni ya la mtunzi, uliza alichangia nini. Katika miaka hiyo ilikuwa kawaida mtayarishaji kujiandika.

Kisha tazama mfereji mtupu karibu na lebo. Kuna namba imechongwa. Hiyo ni ya sahani mama, na ndiyo inayokuambia kama toleo la baadaye limetokana na rekodi ileile au bendi iliimba upya. Lebo huchapwa upya kila toleo na huja na makosa mapya, wakati namba iliyochongwa inabaki vilevile.

Mfano wa faida ya mabano: Shauri Yako. Kenya nzima inausema ni wa Super Mazembe, na kweli waliupiga vizuri mno. Mtunzi ni Nguashi Ntimbo, aliyeuimba na Festival du Zaïre.

#18 MzeeWaRidhimu

Santuri za 45 za Nairobi zina jambo lake pia: "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2". Rumba ya jukwaani ilikwenda dakika nane hadi kumi, upande mmoja haukutosha, wakaukata katikati. Watunzi wakajifunza kuandika kwa kukata huko: upande A hadithi yote, upande B sebene. Redio zikicheza upande A peke yake, msikilizaji anapata kisa bila dansi. Wanaoweka nyimbo hizo mtandaoni waunganishe pande mbili, na pale pa kuunganisha wasikilize mpigo wa ngoma, wasikate kwa macho.

Kwa Tanzania hali ilikuwa tofauti. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, zikilipwa mara moja, na tepu zikibaki redioni. Kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwepo, uchapaji ulikuwa Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa Februari 1977, mlango huo ulibana. Mbaraka Mwinshehe alikuwa upande wa Kenya alipopata ajali Mombasa, Januari 1979, ana miaka 34. Ni mtu aliyepiga gitaa Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Sehemu ya kazi zake tunazo kwa sababu zilichapwa santuri, na nyingine kwa sababu mtu wa redio hakuifuta tepu.

Redio hiyohiyo iliukataa Mambo kwa Soksi wa Remmy Ongala, aliyehimiza kondomu wakati UKIMWI unaua watu. Wimbo ukaenda kwa kaseti na majukwaa, ukajulikana kuliko nyimbo nyingi zilizochezwa redioni kila siku.

#19 KijanaWaBeat

Na Waka Waka?

#20 Katanga_Solo

Kwa kifupi: Golden Sounds wa Kameruni, 1986, wimbo Zangaléwa. Ndani ya kundi kulikuwa na askari wa kikosi cha ulinzi wa rais, na kibwagizo ni cha kijeshi, kinamuuliza kuruta nani aliyemwita. Shakira alikitumia kwa Kombe la Dunia 2010, na kundi likafikia makubaliano ya malipo.

Kameruni hiyohiyo ina Manu Dibango, na hiki ni kisa cha upande B. Mwaka 1972 alitunga wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Yaoundé. Huo ndio upande A. Kameruni ikatolewa nusu fainali na hakuna aliyetaka kuusikia tena. Upande B ulikuwa Soul Makossa. Nakala moja ikaangukia kwa David Mancuso, mchezeshaji muziki New York, ukawaka, na mwaka 1973 ukaingia kwenye chati ya Marekani. Michael Jackson alikitumia kibwagizo chake 1982 bila ruhusa, wakapatana. Rihanna alipokitaka 2007 aliomba kwa Jackson, na Jackson akaruhusu kitu ambacho hakikuwa chake. Dibango akarudi mahakamani Paris 2009.

#21 BintiMvita

Tusimsahau Prince Nico Mbarga. Sweet Mother ulikataliwa na EMI, waliosema ni wa kitoto, na Decca nao wakaukataa. Ukatoka Onitsha, Nigeria, kwa Rogers All Stars mwaka 1976. Inakadiriwa uliuza nakala milioni 13. Kiingereza cha mtaani, gitaa la highlife lenye harufu ya Kongo, na mama. Waliokuwa ofisini hawakusikia kwamba lugha ya kila mtu ndiyo soko la kila mtu.

#22 KijanaWaBeat

Basi msanii wa leo afanye nini ili mabano yake yasije yakawa na Paul Campbell?

#23 Mwanahaki

Siku ileile ya kurekodi, kabla watu hawajatoka studio, andikeni karatasi ya mgawanyo. Jina halisi la kila aliyechangia kama lilivyo kwenye kitambulisho, alichofanya (maneno, melodia, mdundo), na asilimia. Jumla iwe 100. Kila mtu asaini, kila mtu apige picha. Mkisubiri wimbo uvume, kumbukumbu zitabadilika.

Tenga haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Aliyelipa studio anaweza kumiliki rekodi bila kumiliki utunzi. Mikataba mibaya huunganisha yote kwa neno moja, "haki zote". Likatae hilo neno.

Sajili kwenye taasisi ya nchi yako, COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya. Hakikisha rekodi ina namba ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, herufi na tarakimu 12. Kila toleo lina yake, hata la bila sauti. Kosa la kawaida ni msambazaji mpya kutoa namba mpya kwa rekodi ileile, na hesabu za wasikilizaji zikagawanyika mara mbili.

Muda kwa Kenya na Tanzania ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Kwa Malaika, kwa jina la Fadhili, hiyo ni mpaka mwisho wa 2051. Wajukuu wataihitaji karatasi mliyosaini.

#24 SindanoYaSanturi

La mwisho kwa leo kutoka kwangu, na ni wimbo ambao kila Mtanzania ameusimamia. Melodia ya Mungu Ibariki Afrika ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyeitunga 1897 kama wimbo wa wanafunzi wake. Sol Plaatje aliurekodi London mwaka 1923. Tanganyika ikaichukua melodia 1961 na kuipa maneno ya Kiswahili, na Zambia nao wakaipa maneno yao. Sontonga alifariki 1905, miaka saba kabla wimbo haujaimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC.

Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi. Watu walikuwa wakilitafuta kwenye daftari la makaburi ya Braamfontein chini ya Sontonga. Lilikuwa limeandikwa chini ya Enoch. Lilipopatikana, Mandela alilitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa Septemba 1996.

#25 BintiMvita

Na wimbo wa taifa wa Kenya umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, kutoka kwa Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River, ukapangwa 1963 na jopo la watu watano, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake. Huo jina la mwenyewe halikupotea, ila mashuleni wanataja jopo tu.

Hiyo ya daftari la makaburi itumike pia kwenye kutafuta nyimbo. Mtafute mtu kwa majina yake yote na kwa mpangilio wote: Bosco Mwenda, Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke. Fadhili William, Fadhili Williams, Fadhili Mdawida. Solomon Linda na Solomon Ntsele. Kwenye orodha za Kifaransa jina la ukoo linatangulia, kwa za Nairobi mara nyingi la kwanza. Ukikosa kwa mtunzi, tafuta kwa namba ya katalogi.